Kuoanisha mota na kontrola ya spidi kwenye gari la rimoti la kujitengenezea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu hasa gari la kipimo cha 1/10: urefu wa sentimita 40 hivi, uzito wa kilo 1.5 hadi 2, chesisi ya plaiwudi au bati la alumini, na betri ya LiPo (lithiamu polima) ya seli 2, yaani 2S. Kontrola ya spidi ni kile kiboksi chenye herufi ESC kinachokaa kati ya betri na mota. Kinasikiliza resiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti, kisha kinapimia mota umeme kulingana na ulivyovuta triga.

Nianze kununua kipi, mota au kontrola?

Anza na betri, fuata mota, kontrola iwe ya mwisho. Betri ndiyo inayoweka volti, na volti ndizo zinazoamua mota itazunguka kwa kasi gani. Mota ndiyo inayoamua ampea ngapi zitavutwa. Ukishazijua namba hizo mbili, unatafuta kontrola inayozibeba zote. Wengi huanza na kontrola kwa sababu wameiona kwa bei nzuri, kisha wanahangaika kutafuta mota itakayoifaa. Ni safari ndefu isiyo na lazima.

Sheria unayoweza kuiandika ubavuni mwa chesisi: volti za betri zisizidi zilizoandikwa kwenye kontrola, na ampea za kontrola zisipungue zile zinazovutwa na mota.

Kontrola ya ampea 60 haitaiunguza mota yangu ndogo?

Hapana. Tangi la lita 1,000 halimlazimishi mtu kunywa lita 1,000. Ampea 60 ni kiwango ambacho kontrola inaweza kubeba bila kuungua, wala si kiasi inachosukuma kwa nguvu. Mota inachukua inachokihitaji tu. Kubwa kuliko mahitaji ni salama. Kinachokugharimu ni uzito na pesa.

Kwa volti habari ni nyingine. Mota ya volti 6 ukiipa betri ya 3S yenye volti 12.6 ikiwa imejaa, utaiunguza hata kama kontrola ni sahihi kabisa.

Brashi au brashilesi?

Mota ya brashi ina waya mbili na vipande vya kaboni ndani vinavyosugua komyuteta, yaani kola ya shaba inayozunguka na ekseli. Brashilesi ina waya tatu, sumaku ziko kwenye ekseli inayozunguka, na kontrola ndiyo inayobadilisha mkondo wa umeme kwenye koili kwa zamu. Kontrola za aina hizi mbili haziingiliani. Kontrola ya brashi haitaizungusha brashilesi hata kidogo. Na usijaribu kuiendesha mota ya brashi kwa waya mbili kati ya tatu za kontrola ya brashilesi. Kontrola inaweza kufa.

Kwa gari la kwanza tunashauri brashi. Si kwa sababu ya bei tu. Ukikosea gia, mota ya brashi inakuonya kwa joto na harufu kabla haijafa, na ikifa umepoteza kifaa cha bei ndogo. Brashilesi ya nguvu kwenye chesisi ya plaiwudi hung'oa skrubu na kukata meno ya gia kabla hujajua kosa liko wapi.

Namba za kwenye mota zina maana gani?

540 ni ukubwa wa kopo: kipenyo milimita 36, urefu 50 hivi, ekseli ya milimita 3.175, matundu mawili ya skrubu za M3 yaliyoachana milimita 25. 550 ina kipenyo kilekile ila ni ndefu zaidi. 380 ni nyembamba, milimita 28 hivi, na ekseli yake ni milimita 2.3, kwa hiyo pinioni (gia ndogo ya kwenye ekseli ya mota) ya 540 haiingii.

27T maana yake waya umezungushwa mara 27 kwenye kila nguzo. Mizunguko michache ni kasi kubwa na ampea nyingi. Mizunguko mingi ni kasi ndogo na ampea chache. 27T ni ya kawaida ya mwanzo, 21T na chini ni za mbio, 35T hadi 55T ni za magari ya kupanda mawe polepole.

Kwenye brashilesi, 3650 ni kipenyo cha milimita 36 na urefu wa 50, yaani inakaa kwenye nafasi ya 540. KV si kilovolti. Ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. Mota ya 3300KV kwenye volti 7.4 inazunguka mara 24,420 kwa dakika. Kwa gari la kilo 2 kwenye 2S, chagua kati ya 3000KV na 3900KV. Kwenye 3S shuka hadi 2000KV–3000KV.

Nitajuaje mota yangu ya brashi itavuta ampea ngapi? Haina karatasi wala lebo.

Namba unayoitafuta ni ampea za mota iliyokwama, yaani umeme inaouvuta ekseli ikiwa haizunguki. Kila gari linapoondoka kutoka kusimama, mota hupita kwenye hali hiyo kwa kitambo kifupi. Unaipata kwa kugawanya volti za betri kwa ukinzani wa mota. Ugumu ni kwamba multimita ya kawaida haisomi kwa uhakika ukinzani mdogo namna hii. Nyaya zake zenyewe zina omu 0.2 au 0.3, wakati mota ya 540 ina karibu omu 0.1.

Iko njia inayofanya kazi vizuri, na vifaa vyake vinapatikana kwa fundi umeme wa magari yeyote. Chukua betri ya gari ya volti 12 na balbu ya taa kubwa ya wati 55. Unganisha chanya ya betri kwenye balbu, balbu kwenye mota, mota kwenye hasi. Balbu itazuia umeme usizidi ampea 4.5 hivi. Kama multimita yako ina tundu la 10A, pima ampea zenyewe kwanza badala ya kukisia. Sasa ibane pinioni kwa plaizi ili isizunguke; kwa umeme huo haina nguvu ya kukushinda. Weka multimita kwenye volti za DC na uguse vichwa vya mota vyenyewe, si waya.

Tuseme imesoma volti 0.50. Gawanya kwa 4.5, unapata omu 0.11. Betri ya 2S yenye volti 7.4 gawanya kwa 0.11: ampea 67. Igeuze ekseli kidogo urudie mara nne au tano, maana kaboni hukaa mahali tofauti kwenye komyuteta na namba hubadilika. Tumia ukinzani mdogo kuliko yote uliopata. Kila kipimo kisizidi sekunde 5.

Kwa mota hiyo ya mfano, kontrola yenye ampea 60 za kudumu inatosha. Wakati wa kuondoka betri na nyaya zenyewe hushusha volti, na mota haibaki imekwama. Ampea 20 za kudumu hazitoshi, hata kama muuzaji amesema ni ya 540.

Kwa brashilesi njia hii haifai. Angalia kiwango cha juu cha ampea alichoandika mtengenezaji wa mota, ongeza robo. Mota ya 3650 ya 3300KV hadi 3900KV kwenye 2S huenda na kontrola ya ampea 60.

Nimeona kontrola ya brashi ya ampea 320, ndogo kama kiberiti na ya bei rahisi mno. Ni kweli?

Ampea 320 ni kiwango cha kilele cha muda mfupi sana, chini ya kupepesa jicho, na mara nyingi ni jumla ya kile ambacho transista zake zingebeba katika mazingira ya maabara. Tazama waya zake. Kama ni nyembamba kama za chaja ya simu, hakuna namna zikapitisha hata ampea 40 kwa dakika tatu bila kuyeyusha ganda. Kontrola hizi zinafaa kwa mota ya 380 au 540 ya 35T na kuendelea, gari jepesi, kwenye 2S. Kwa 27T zinaishi kama gia yako ni nyepesi.

Lebo ya kuaminika hutaja ampea za kudumu kando na zile za kilele, na hutaja kikomo cha mota kwa kila betri. Hobbywing QuicRun 1060, kwa mfano, imeandikwa ampea 60 za kudumu na 360 za kilele, na inakubali mota ya 540 ya 12T au zaidi kwenye 2S, lakini 18T au zaidi kwenye 3S. Huo mstari wa T kwa kila betri una faida kuliko namba yoyote kubwa iliyoandikwa kwenye kava.

Naweza kutumia mota ya drili, ya printa, ya waipa?

Mota ya drili ya betri inafaa. Mara nyingi ni ya ukubwa wa 550, imetengenezwa kwa volti 12 hadi 18, kwa hiyo kwenye 2S itakuwa ya polepole lakini yenye nguvu. Kwenye 3S inachangamka. Pima ukinzani wake kwa njia ya balbu kabla ya kununua kontrola, kwa sababu hizi mota hutofautiana sana.

Ya printa ni ya volti 24 mara nyingi. Kwenye 2S itatambaa tu. Ya waipa ya gari ina nguvu nyingi lakini ina gia ya skrubu ndani na uzito wake peke yake unakaribia nusu ya gari lako. Waachie wanaotengeneza roboti kubwa. Mota ya gurudumu la hovaboodi ni brashilesi ya volti 36, na kontrola ya gari la 1/10 haiifai kabisa.

Na L298N pamoja na Arduino?

Kwa mota ya 540, hapana. L298N ni bodi ndogo ya kuendesha mota kwa amri za Arduino, ile kompyuta ndogo ya kuprogramu. Hubeba ampea 2 kwa kila upande, na hula volti 2 au zaidi njiani kwa sababu transista zake ni za mtindo wa zamani. Mota inayovuta ampea 67 ikikwama itaigeuza moshi mara ya kwanza unapoiwasha. Inafaa kwa vile vimota vya njano vya plastiki tu. BTS7960, ile ya bodi yenye kipande cha alumini nyuma, inaweza kuendesha 380, ila ampea 43 zilizoandikwa ni za chipu yenyewe. Bodi na alumini yake ndogo haziwezi kuzihimili kwa muda.

Kilicho bora ni kutumia kontrola ya kawaida ya gari na kuiongoza kwa Arduino kama unavyoongoza sevo (ile mota ndogo ya kugeuza usukani). Waya mweupe au wa machungwa wa kontrola uende pini ya Arduino, mweusi au wa kahawia kwenye GND. Tumia maktaba ya Servo: writeMicroseconds(1500) ni katikati, 2000 mbele kabisa, 1000 nyuma. Baki kwenye 1500 kwa sekunde 3 baada ya kuwasha, vinginevyo kontrola haitakubali kufunguka. Kama Arduino inapata umeme wa USB, kata waya mwekundu wa kontrola au uutoe kwenye plagi.

Kontrola ya droni au ndege imebaki nyumbani. Nitumie?

Inaweza kuzungusha mota ya gari, lakini kontrola nyingi za ndege hazina nyuma wala breki ya gari, na za droni nyingi hazina hata plagi ya kulisha resiva. Gari lisilo na breki likiwa na mota ya 3300KV ni hatari kwa miguu ya watu. Iweke kwa kazi nyingine.

Nipangeje gia?

Hapa ndipo mota nyingi huungulia, halafu lawama huenda kwa kontrola.

Uwiano wa mwisho ni meno ya gia kubwa gawanya kwa meno ya pinioni, zidisha kwa uwiano wa difrensha. Gia kubwa ya meno 60, pinioni ya 20 na difrensha inayopunguza mara 3 zinakupa 9. Maana yake mota inazunguka mara 9 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, na kwa msukumo uleule barabarani mota inahitaji moja ya tisa tu ya ampea ambazo ingehitaji kama ingefungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya magurudumu. Kufunga mota moja kwa moja kwenye ekseli ya magurudumu ndilo kosa tunaloliona zaidi kwenye magari ya kujitengenezea. Gari linaondoka kwa shida, mota inabaki karibu na hali ya kukwama, na kontrola inaungua ikiwa haina kosa lolote.

Kasi inahesabika. Mota ya 3300KV kwenye volti 7.4 ni mizunguko 24,420. Gawanya kwa 9 ni 2,713. Tairi la kipenyo cha milimita 85 lina mzingo wa mita 0.267. Zidisha: mita 724 kwa dakika, yaani kilomita 43.5 kwa saa. Barabarani utapata kama asilimia 80 ya hiyo, karibu 35. Mota ya 27T, yenye mizunguko 15,000 hivi, kwa gia hiyohiyo itakupa 27 hivi kwenye hesabu na 21 hivi barabarani.

Kama huna uhakika, anza na pinioni ndogo kuliko unayodhani inafaa. Ukibadilisha tairi kwenda kubwa, ni sawa na kuongeza pinioni: kutoka milimita 85 hadi 110 umeongeza mzigo kwa karibu asilimia 30, kwa hiyo pinioni ya 20 ishuke hadi 15.

Meno lazima yawe ya moduli moja, yaani kipimo kimoja cha ukubwa wa jino. Pima kipenyo cha nje cha gia kwa kalipa, gawanya kwa idadi ya meno ukiongeza 2. Pinioni ya meno 20 yenye milimita 17.6 ni moduli 0.8. Wakati wa kufunga, weka ukanda wa karatasi ya daftari kati ya pinioni na gia kubwa, sukuma mota mpaka ibane, kaza skrubu, kisha zungusha uitoe karatasi. Ikitoka imekunjika kama akodiani bila kukatika, uwazi ni sahihi. Ikikatika, umebana mno. Ikitoka bila alama, meno yataruka.

Nikihama kutoka 2S kwenda 3S nibadilishe nini?

Volti zimeongezeka mara 1.5, na ampea za kukwama zinaongezeka mara 1.5 vilevile, kwa hiyo joto la koili linazidi mara mbili. Thibitisha kontrola inakubali 3S kwa mota ya T zako, kisha punguza pinioni: ya 18 iwe 12 ukitaka kasi ileile. Watu hawapendi kusikia hivyo, maana 3S wameinunua ili wakimbie. Panda jino moja moja huku ukipima joto.

Betri za 18650 za laptop zinafaa?

Zilizotoka kwenye laptop zimetengenezwa kutoa ampea 4 au 5 kila moja. Mbili mfululizo zikikutana na mota ya 540, volti zinaporomoka gari likitaka kuondoka, kontrola inadhani betri imeisha na inakata. Mtu anadhani kontrola ni mbovu. Kama lazima, tumia seli za kutoa umeme mwingi, kwa mfano Samsung 25R yenye ampea 20 za kudumu, au zilizotoka kwenye betri ya drili. Nne, mbili sambamba kwa mbili mfululizo, hubeba ampea 40. Usichomee solda moja kwa moja kwenye seli. Joto huharibu kizuizi cha ndani. Tumia mashine ya kubandika nikeli.

Hatua za kuunganisha kontrola ya brashi ni zipi?

Kwanza kapasita. Chukua tatu za kauri zilizoandikwa 104, yaani mikrofaradi 0.1, za volti 50. Moja kati ya vichwa viwili vya mota, moja kutoka kila kichwa hadi kwenye kopo. Kopo lisugue kwa msasa mpaka ling'ae, paka flaksi, na utumie pasi ya solda ya wati 60. Kwenye vichwa vya mota usikae zaidi ya sekunde 3, plastiki ya nyuma huyeyuka na kaboni zikapinda. Bila kapasita hizi, cheche za kaboni huivuruga resiva na gari linaanza kujitikisa lenyewe. Ukikuta diodi imechomewa kwenye mota ya zamani, itoe: diodi hiyo na kontrola yenye kurudi nyuma haviwezi kukaa pamoja, kimoja kitaungua.

Pili, nyaya. Silikoni ya AWG 14, ambayo ni kama milimita za mraba 2, au nene zaidi. Waya mgumu wa nyumba wa 2.5 hauvunjiki leo, utavunjika baada ya wiki mbili za mtikisiko. Plagi iwe XT60 au T. Plagi nyeupe za Tamiya huanza kuyeyuka ukizidi ampea 15 kwa muda. Nyaya za betri zisirefushwe. Zikizidi sentimita 20 hivi, mawimbi ya volti huumiza kapasita za kontrola.

Chanya na hasi ya betri ziangalie mara mbili. Ukigeuza, kontrola nyingi hufa papo hapo na hakuna fundi wa kuzifufua. Waya za mota ukizigeuza hakuna madhara, mota itazunguka upande mwingine tu.

Tatu, jampa. Kontrola nyingi za brashi zina jampa mbili, yaani vifuniko vidogo vya kuunganisha pini: aina ya betri na namna ya kuendesha. Weka LiPo kama betri ni LiPo. Ikiwa kwenye NiMH, ambayo ni aina nyingine ya betri, kontrola haitakata kwa wakati na seli zitashuka chini ya volti 3.0. Baada ya hapo betri huvimba, na kuichaji kunaweza kuleta moto.

Nne, plagi ya kontrola iende chaneli ya 2 ya resiva, sevo ya usukani chaneli ya 1.

Mwisho, weka gari juu ya kopo au tofali, magurudumu yakining'inia. Washa rimoti kwanza, triga ikiwa katikati, kisha kontrola. Subiri sekunde 3 mpaka ilie. Kuzima ni kinyume: gari kwanza, rimoti baadaye. Transista za kontrola zikiungua mara nyingi huacha umeme upite moja kwa moja na mota hukimbia kwa nguvu zote bila kusikia rimoti, ndiyo maana tunasisitiza tofali.

Gari linakwenda mbele tu, halirudi nyuma.

Sukuma triga nyuma, irudishe katikati, sukuma tena. Mara ya kwanza ni breki, ya pili ndiyo nyuma. Kama bado, angalia jampa ya uendeshaji: huenda imewekwa kwenye mbele na breki bila nyuma. Kama ukivuta mbele inakuwa breki kwanza kisha linarudi nyuma, geuza swichi ya chaneli ya 2 kwenye rimoti. Ukigeuza waya za mota pekee, breki na nyuma zitabaki zimekaa kinyume.

Brashilesi inatetemeka na kupiga kelele badala ya kuzunguka.

Angalia kwa mpangilio huu. Waya moja kati ya tatu haijashika: vuta kila plagi ya duara (bullet) ya waya za mota, na utazame kama solda imeingia ndani au imeganda juu tu. Acha kujaribu hapohapo, maana kuendesha kwa waya mbili huua kontrola. Ikiwa zote ziko sawa, betri ni dhaifu au gia ni nzito. Mota isiyo na vihisi haijui sumaku zake ziko wapi ikiwa imesimama, kwa hiyo mzigo mzito wakati wa kuondoka huichanganya. Punguza meno 2 au 3 ya pinioni.

Kubadilisha upande wa mzunguko, badilishana waya zozote mbili. Hii ni kwa mota isiyo na vihisi peke yake. Yenye vihisi lazima A iende A, B iende B, C iende C, na upande ubadilishwe kwenye rimoti au mipangilio ya kontrola.

Nikikata kona na kuvuta triga pamoja, gari linazima sekunde moja kisha linarudi.

Resiva inakosa umeme. Inalishwa na sehemu ya kontrola iitwayo BEC, na BEC ya ampea 2 haiwezi kuilisha sevo kubwa kama MG996R, ambayo ikikwama hula ampea 2.5 kwenye volti 6. Nunua UBEC, yaani BEC ya pekee isiyo ndani ya kontrola, ya volti 6, ampea 5, iunganishe na betri na resiva, kisha toa waya mwekundu kwenye plagi ya kontrola. Vyanzo viwili visilishe resiva kwa pamoja.

Mota mbili kwenye kontrola moja?

Za brashi, ndiyo, zikiwa za aina moja na zimeunganishwa sambamba. Hesabu ampea mara mbili. Brashilesi, kila mota na kontrola yake.

Joto gani ni la kawaida?

Endesha dakika 5, simama, gusa kopo la mota. Ukiweza kukiacha kidole sekunde 5, hujapita nyuzi 60 hivi na hakuna tatizo. Ikiwa kidole kinaruka chenyewe, dondosha tone la maji. Likichemka, umepita nyuzi 100: kwenye brashilesi sumaku zinaweza kuwa zimeanza kupoteza nguvu, na nguvu hiyo huenda isirudi mota ikipoa. Punguza pinioni meno 2, endesha dakika 5 nyingine, gusa tena. Gusa na kontrola. Kama mota ni ya baridi lakini kontrola inaunguza, kontrola ni ndogo, au umeifunika kwa gundi na mkanda kiasi kwamba hewa haifiki.

Vumbi na matope?

Mota ya brashi ina matundu. Kwenye barabara ya vumbi, kaboni huisha haraka. Baada ya kila siku ya kuendesha, ipulize kwa hewa na uweke tone moja la mafuta mepesi kwenye kila beringi, wala si kwenye komyuteta. Kontrola isiyoandikwa kwamba haiingii maji, ifunge juu ya chesisi, pembeni mwa njia ya matope ya magurudumu, feni ikitazama juu.